Umehama Windows 10: Usafi wa Kompyuta kwenye Windows 11, Linux Mint na Ubuntu, upi unakufaa hapa Dar?

Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hata mtumiaji binafsi aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, masasisho yake ya usalama yanaishia 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo watu wanahama. Wapo waliopanda Windows 11, wapo walioshauriwa na kijana wa chuo waweke Linux Mint, na wapo waliochagua Ubuntu kwa kuwa ndilo jina pekee la Linux walilowahi kulisikia. Swali la kuhama vipi limeshajibiwa sana. Ninaloulizwa mara nyingi ni la baada ya hapo: mashine imeshapigwa mfumo mpya, je, usafi wake ukoje? Nifute nini, kila baada ya muda gani, kwa programu ipi?

Majibu yanatofautiana kwa mifumo hii mitatu kuliko watu wanavyodhani, na mimi naona tofauti hiyo ndiyo ingetakiwa imwamulie mtu achague upi. Sura ya mfumo unaizoea baada ya siku chache. Matunzo yake utakuwa nayo miaka.

## Desturi za kuacha nyuma

Aliyetumia Windows tangu enzi za XP ana mazoea yake: kufuta faili za Temp, kupitisha CCleaner, kudifragi diski kila mwisho wa mwezi, na kuweka antivirasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mengi ya mazoea haya hayana kazi tena popote ulipohamia.

Kudifragi kulikuwa na maana kwenye diski za kuzunguka, ambako kichwa cha kusomea huruka huku na kule kikikusanya vipande vya faili moja. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, haina kichwa cha kuruka. Inachohitaji ni amri ya TRIM, inayoijulisha sehemu zisizotumika tena, na mifumo yote mitatu huitoa yenyewe kila wiki. Kwenye Mint na Ubuntu kazi hiyo hufanywa na huduma iitwayo `fstrim.timer`. Kama bado una diski ya kuzunguka, Windows itaidifragi kwa ratiba yake bila kukuuliza, na ext4, mfumo wa faili wa Linux, hupanga faili kwa kuziachia nafasi tangu mwanzo. Hapa hakuna aliyemzidi mwenzake, tuendelee.

Rejista, yaani hifadhi kuu ya mipangilio ya mfumo na programu, ni jambo la Windows peke yake. Linux haina kitu cha namna hiyo. Mipangilio ya programu nyingi inakaa kwenye faili ndogo za maandishi ndani ya folda zilizofichwa za mtumiaji, kama `.config`. Ukiondoa programu, faili hizo zinabaki, lakini hazili nafasi ya maana wala hazipunguzi kasi. Na hata kwenye Windows, Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za kusafisha rejista. CCleaner, jina linalojulikana kuliko yote, mwaka 2017 toleo lake la 5.33 lilisambazwa kwa watumiaji likiwa na programu hasidi iliyopenyezwa na wadukuzi, kupitia seva rasmi za watengenezaji wenyewe. Ukitoka hapo ukaenda Mint, utaonyeshwa BleachBit kama mbadala. Ni nzuri, ila kwenye menyu inatokea mara mbili, moja ikiwa ya mtumiaji wa kawaida na nyingine ya mamlaka kamili. Tumia ya kawaida, na usitie tiki kila kisanduku kwa kuwa tu kipo.

Kuna kisanduku kimoja ambacho mtu wa Dar hana budi kukifikiria mara mbili: kache ya kivinjari. Hizo ni picha, fonti na vipande vya tovuti ambavyo ulishavilipia kwa bando. Ukivifuta kila jioni kwa ajili ya usafi, kesho asubuhi unavinunua upya. Mwenye intaneti ya waya isiyopimwa anaweza kufuta kila siku bila hasara. Anayewasha hotspoti ya simu ili afanye kazi afute pale tu tovuti inapokosea au diski inapokaribia kujaa.

## Kinachojaza diski, na hapa ndipo wanapoachana

Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo zina SSD ya gigabaiti 128 au 256. Kwenye nafasi kama hiyo, kujua kinachokua kimyakimya ni nusu ya kazi.

Windows 11 kwanza. Kama ulipandisha kutoka Windows 10 bila kufuta chochote, kuna folda ya Windows.old iliyobeba mfumo mzima wa zamani, na kwa kawaida ni gigabaiti kumi na kuendelea. Windows huihifadhi siku 10 ili ukitaka kurudi urudi, halafu inaifuta yenyewe. Usiharakishe kuifuta kabla hujahakikisha printa, skana na programu yako ya hesabu zinafanya kazi. Ikibaki baada ya hapo, ingia Settings, System, Storage, kisha Temporary files, uiondoe kwa njia hiyo na si kwa kuikamata folda na kubonyeza Delete. Vivyo hivyo folda ya WinSxS: inaonekana kubwa mno, lakini sehemu ya ukubwa huo ni faili zilezile za mfumo zikihesabiwa mara ya pili. Mwenye kuigusa kwa mkono anaharibu masasisho. Amri yake ni `Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup`, basi.

Faili nyingine ni `hiberfil.sys`, ambayo hutenga sehemu ya diski kulingana na ukubwa wa RAM yako. Kama huwa huilazi mashine kwa Hibernate, `powercfg /h off` inaiondoa na gigabaiti kadhaa zinarudi. Kisha washa Storage Sense ikufanyie usafi wenyewe, lakini kabla ya kuiacha angalia mstari wa Downloads. Unaweza kuipa ruhusa ya kufuta vitu ambavyo havijafunguliwa kwa muda fulani, na Downloads ya Mtanzania ndiyo kabati la nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa, namba ya NIDA, mkataba wa nyumba, risiti za ada. Mstari huo uachwe kwenye Never.

Linux Mint haina Windows.old wala rejista, na kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo utadhani haina uchafu kabisa. Inao, na wenye kustahili kuangaliwa zaidi unaitwa Timeshift.

Timeshift ndiyo inayopiga picha za mfumo ili sasisho likiharibu jambo urudi nyuma. Mint inakuhimiza uiwashe mara tu unapomaliza kusakinisha, na inafanya vizuri kukuhimiza. Ila picha ya kwanza inalingana karibu na mfumo mzima. Zinazofuata zinahifadhi mabadiliko tu, lakini kila sasisho kubwa ni mabadiliko, kwa hiyo zikipangwa za kila siku, za wiki na za mwezi kwa pamoja kwenye SSD ya gigabaiti 128, utashangaa nafasi imekwenda wapi. Programu ya kupima diski ukiifungua bila mamlaka kamili inaweza isikuonyeshe folda hiyo, ndiyo maana watu wanahangaika kufuta muziki na picha za harusi wakati mlaji yuko kwingine. Diski ikijaa kabisa, mashine inakubali neno la siri kisha inakurudisha palepale pa kuingilia, kana kwamba umekosea. Mtu asiyejua anaita fundi, na fundi asiyejua anapiga window.

Dawa yake: bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na neno la siri, andika `sudo timeshift --list` kuona picha zilizopo, halafu `sudo timeshift --delete --snapshot` ikifuatiwa na jina la picha ya zamani. Mbili zikiondoka, utaingia. Kinga yake ni rahisi zaidi: weka picha mbili za kila siku, au mbili za kila wiki, usiweke zote. Diski ya nje ukiwa nayo, picha ziende huko. Na ukumbuke kwamba Timeshift kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi folda yako ya nyumbani. Inaokoa mfumo, haiokoi tasnifu yako. Tasnifu inahitaji nakala kwingine.

Mlaji wa pili kwenye Mint ni Flatpak, njia ya kusakinisha programu zikiwa zimefungashwa na mahitaji yake. Unasakinisha programu ndogo ya kuhariri picha, inakuja na msingi wake wa mamia ya megabaiti, na siku ukiiondoa msingi unabaki. `flatpak uninstall --unused` unaupeleka. Shajara ya mfumo, yaani kumbukumbu ya matukio yake, nayo hukua: imeruhusiwa kufika asilimia 10 ya diski, ila haivuki gigabaiti 4. `journalctl --disk-usage` inakuonyesha ilipofika, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` inaipunguza.

Matoleo ya zamani ya keneli, kiini cha Linux, hapo awali yalikuwa kero. Siku hizi Update Manager ya Mint ina kisanduku kwenye mipangilio yake, upande wa Automation, cha kuondoa keneli na vifurushi visivyotumika. Tia tiki hapo uache. Wa Ubuntu wanatumia `sudo apt autoremove`, amri inayobakiza keneli inayotumika na ya akiba.

Ubuntu kwa ndani ni ndugu wa Mint, kwani Mint imejengwa juu yake, ila Ubuntu imeegemea kwenye Snap, njia yake yenyewe ya kufungasha programu. Firefox yenyewe tangu toleo la 21.10 huja kama Snap. Kila Snap ikisasishwa, toleo la nyuma linabaki limezimwa ili uweze kulirudia, kwa hiyo programu moja inakaa mara mbili. `snap list --all` inakuonyesha zilizozimwa. Kwenye SSD ya gigabaiti 512 hutajali. Kwenye ya 128 utajali. Mint waliamua kutoileta Snap kabisa tangu toleo la 20, mwaka 2020, na kwa mashine ndogo nawaunga mkono.

Kwa anayetaka kuangalia kwa jicho moja:

| Kazi | Windows 11 | Linux Mint | Ubuntu |
|---|---|---|---|
| Kuona kinachokula diski | Storage, au WinDirStat | Disk Usage Analyzer | Disk Usage Analyzer |
| Mabaki ya masasisho | Temporary files | `sudo apt autoremove`, `sudo apt clean` | Hizohizo, na Snap zilizozimwa |
| Kurudi nyuma | System Restore, hakikisha imewashwa | Timeshift, ipo tayari | Unaisakinisha Timeshift mwenyewe |
| Afya ya diski | CrystalDiskInfo | Disks, sehemu ya SMART | Disks, sehemu ya SMART |
| Msaada wa toleo | Miezi 24 kwa kila toleo la Home na Pro | Toleo la 22 hadi 2029 | 24.04 hadi 2029 |

## Bando

Masasisho ndiyo usafi mkubwa kuliko wote, na yanalipiwa.

Windows 11 inasasisha inapoona yafaa. Ukiunganisha kwa hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya huo mtandao na uwashe Metered connection, la sivyo bando la wiki linaweza kuondoka jioni moja ukiwa unajibu barua pepe. Mpangilio huo ni wa kila mtandao peke yake; ukihamia hotspoti ya jirani unaanza upya.

Ubuntu iko katikati. Masasisho ya usalama hupakuliwa yenyewe, na Snap hukagua matoleo mapya mara nne kwa siku. Kuna breki mbili: `sudo snap set system refresh.metered=hold`, ambayo inasubiri mtandao usiopimwa, na kuutia mtandao wako alama ya kupimwa kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Bila hizo mbili, Ubuntu kwa bando la simu ni ghali.

Mint ndiyo yenye adabu zaidi. Inapakua orodha, inakuonyesha ngao yenye alama, halafu inasubiri. Unaona ukubwa wa kila kifurushi kabla hujakubali, na ni vizuri kuangalia, kwa sababu kifurushi kiitwacho linux-firmware peke yake ni mamia ya megabaiti. Hicho kipakue ofisini au usiku kwa bando la usiku. Vya usalama vidogovidogo pitisha mara moja kwa wiki. Adabu hii ina upande wa pili: mtu mvivu atakaa mwaka bila kusasisha na mfumo hautamlazimisha. Mzazi asiyependa kubonyeza chochote, mwekee masasisho ya kujiendesha kwenye hiyohiyo Automation.

Jambo moja la bure kwenye Mint na Ubuntu: kwenye Software Sources (kwa Ubuntu ni Software & Updates) unaweza kubadilisha seva unayopakulia. Iache ijipime yenyewe uchague iliyo na kasi kutoka hapo ulipo. Megabaiti ni zilezile, lakini unamaliza mapema kabla umeme haujakatika, na hilo linatupeleka kwenye lenyewe.

## Umeme ukikatika katikati ya sasisho

Mjini hapa kompyuta mpakato nyingi za mtumba ni mpakato kwa jina tu. Betri ilishakufa, chaja haitoki ukutani, na umeme ukikatika skrini inazima palepale. Swali la maana basi ni mfumo upi unaokatishwa katikati ya sasisho na kuamka mzima.

Windows 11 ikiamka itaandika kwamba inatengua mabadiliko. Inachukua muda mrefu na huwezi kufanya lolote ila kusubiri, lakini mara nyingi inarudi ilipokuwa, na mtumiaji hahitaji kujua amri yoyote. Kwa mtu asiyetaka kujua, huo ni ushindi.

Mint na Ubuntu hazitengui. Vifurushi vilivyokuwa vinasakinishwa vinabaki nusu, na safari nyingine Update Manager inakataa kuendelea. `sudo dpkg --configure -a`, ikifuatiwa na `sudo apt -f install`, inamalizia kazi kuanzia ilipoachwa. Dakika chache tu, kama unazijua hizo amri mbili. Ziandike kwenye karatasi uibandike chini ya mashine, kwa kuwa siku ukizihitaji huenda huna pa kuzitafutia. Kama ni keneli ndiyo iliyokatishwa, kwenye menyu ya kuwashia chagua Advanced options uingie na keneli ya nyuma. Hii ndiyo sababu keneli ya akiba haifutwi, hata kama inakula nafasi.

Kwa mashine isiyo na betri wala UPS ningesema Mint pamoja na Timeshift ni salama zaidi kuliko Ubuntu tupu, na kwa asiyejua terminali, dirisha la kuandikia amri, Windows inabaki mbele ya zote mbili. Betri mpya inawazidi wote watatu.

## Flashi za steshenari

Kila aliyewahi kuchapisha CV maeneo ya Ubungo au Mwenge anakijua kirusi cha shotikati. Unarudi nyumbani, folda zako zote zimegeuka kuwa shotikati, na flashi inasema imejaa ingawa haionekani kuwa na kitu. Faili hazijapotea, kirusi kimezificha na kuweka shotikati badala yake, ukibofya unakiamsha.

Kwenye Mint na Ubuntu shotikati hizo ni faili mfu, hazina cha kuendesha. Na kwa kuwa Linux haifuati alama ya kuficha ya flashi za FAT, folda zako halisi unaziona pale pale kando ya takataka. Unafuta takataka, unakopi folda, kwisha. Kwa kazi hii Linux inawashinda Windows kwa mbali. Usifuate lakini mkumbo wa wanaosema Linux haipati kirusi kabisa. Inaweza kukibeba bila kuumwa na kukipeleka kwa mwenye Windows, kwa hiyo flashi inayokwenda kwa mtu mwingine safisha kwanza.

Kwenye Windows 11, Defender iliyomo inatosha. Antivirasi ya pili inaongeza uzito tu. Kuna ukaguzi mmoja ambao watu hawafanyi. Mteja anamwambia fundi, "Kaka, nipigie window na Office kabisa, bei tutaelewana," na fundi anaweka za kukraki. Ili kikraki kipite, Defender inazimwa au folda fulani inaandikwa kwenye orodha ya zisizokaguliwa. Fundi akimaliza, orodha inabaki. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Ukikuta diski nzima ya C imeandikwa hapo, mashine yako haina ulinzi wowote, hata kama alama ya kijani inang'aa pembeni.

Na ukiwa hapo muulize fundi kama mashine yenyewe ilikubaliwa na Windows 11. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kizazi cha 8 na kuendelea. Zipo njia za kupita mlango wa nyuma na mafundi wanazijua, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na toleo la 24H2 haliwaki kabisa kwenye prosesa kongwe zisizo na amri za SSE4.2 na POPCNT. Usafi wa mashine isiyosasishwa ni kupiga deki nyumba isiyo na mlango.

## Vumbi na chumvi

Vumbi la Goba na Kimara halijui umeweka mfumo gani. Wala chumvi ya hewa ya Kigamboni na Msasani, ambayo pamoja na unyevu wa masika hula viungo vya chuma ndani ya mashine. Mtu akihama kwenda Linux kwa sababu "Windows inachemsha", mara nyingi feni ndiyo imeziba na gundi ya joto juu ya prosesa imekauka. Kwa wiki moja atasifu Mint kwa wepesi, kisha Januari ifike joto lipite nyuzi 30, mashine ianze kujipunguza kasi yenyewe kama zamani.

Kabla ya kulaumu mfumo, pima. Kwenye Mint na Ubuntu sakinisha lm-sensors uandike `sensors`; kwenye Windows tumia HWiNFO. Ikiwa mashine imekaa tu bila kazi na prosesa inasoma zaidi ya nyuzi 70, funguo za skrubu zinahitajika kuliko programu. Mwambie fundi asipulize kwa blowa feni ikiwa huru; aishike isizunguke. Na asikuuzie "service ya window" wakati mashine ina diski ya kuzunguka inayohesabu sekta mbovu kwenye SMART. Hiyo inahitaji SSD, na SSD itakupa wepesi ambao hakuna kufuta Temp kutakakoukaribia, kwenye mfumo wowote.

## Kuweka yote mawili

Wengi wanaohamia Linux wanaibakiza Windows pembeni "ikitokea". Gharama yake ni usafi mara mbili kwenye diski ileile ndogo. Tena Windows ikizimwa huku Fast Startup imewashwa, sehemu yake ya diski inabaki kama iliyolala, na Linux inaweza kukufungulia kwa kusoma tu, usiweze kuhifadhi kitu. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizuia mashine kadhaa zenye mifumo miwili zisiwake upande wa Linux. Kwa gigabaiti 256 au pungufu, chagua moja.

## Nani achukue upi

Ofisi yenye programu ya hesabu ya Windows, skana ya chapa isiyo na draiva ya Linux, na nyaraka za Word zinazokwenda na kurudi kwa wateja: Windows 11, kwenye mashine inayoikubali rasmi. Kama mashine haikubaliki, jiandikishe kwenye masasisho ya nyongeza ya Windows 10 na utumie muda uliobaki kutafuta fedha ya nyingine. Usafi wake ni Storage Sense, ukaguzi wa Exclusions kila fundi anapoigusa, na nakala ya nyaraka kwenye diski ya nje.

Mwanafunzi, mwandishi, mtu wa kivinjari na barua pepe mwenye mashine ya kizazi cha 4 hadi cha 7 na RAM ya gigabaiti 4: Mint, bila kusita. Inadai RAM ya gigabaiti 2 kwa uchache na inapendekeza 4. Faili yake ya kusakinishia ni kama gigabaiti 3, karibu nusu ya ile ya Ubuntu 24.04, na hilo peke yake ni bando la siku kadhaa.

Ubuntu ningempa anayesomea programu au seva, mwenye diski kubwa na intaneti ya kueleweka. Atakutana nayo kazini, na kero za Snap zitakuwa sehemu ya masomo yake.

Swali la nani wa kumwita lina uzito kuliko yote kwa wazazi wetu. Linux si ngeni mjini hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Lakini ukizunguka mafundi wa Mtaa wa Aggrey leo, wengi watakachokifanya kwa Mint iliyogoma ni kuifuta. Kwa hiyo mashine ya baba aliyeko Mbagala iwekee Mint kama wewe mwenyewe au mdogo wako mtapokea simu yake. Kama hakuna wa kuipokea, Windows 11 ndiyo salama yake, kwa kuwa kila mtaa una mtu wa kuigusa.

Na mwenye steshenari, ambaye kwa siku anapokea flashi za watu kuliko sisi wote: mashine mbili. Ile chakavu iwe Mint na ndiyo pekee inayochomekwa flashi za wateja. Faili safi zinahamishwa kwa mtandao wa ndani kwenda kwenye ile ya Windows iliyounganishwa na printa, ambako CV ya mtu itatoka kama alivyoipanga kwenye Word bila mistari kuhama. Mteja akiuliza kwa nini flashi yake haichomekwi kwenye mashine ya kuchapia, mwonyeshe kwenye Mint zile shotikati zilizolala kando ya folda zake.